Eneo la Mshono

Kila asubuhi kabla ya saa mbili nilikuwa nafuta ubao wa Profesa Tognetti. Hakuna aliyenituma. Mwaka wa kwanza nilikuwa nawahi kwa sababu niliogopa kuingia watu wakiwa wameshakaa, na mtu aliyewahi hana budi kushika kitu mkononi, basi nikashika sifongo. Ikaenda hivyo miaka minne. Nafuta kuanzia kushoto, napitisha kitambaa kikavu, kisha nabandika kahawa kwenye jiko dogo la umeme tunaloficha nyuma ya majarida, maana wenye jengo wamelikataza.

Jumatatu ile nilifika katikati ya ubao, mkono ukakataa kuendelea.

Ijumaa iliyopita Profesa alikuwa amenichorea maduara mawili yanayopishana. Nilikuwa nimeshafuta pembeni zote, kikabaki kile kipande cha kati, chembamba kama jani la mzeituni. Nikajiuliza swali la kitoto: hiki ni cha nani, cha kushoto au cha kulia?

Kazi yetu ya hisabati ni kupima eneo la grafu zilizokatika. Chukua duara, ligawe vipande vitano kama keki, na kila kipande kitume kwenye nukta yake, mbali na nyingine. Grafu inayotoka ni vipande vitano vinavyoelea, havigusani. Ili uuite huo uso, lazima uzibe mipasuko kwa kitambaa laini, na swali ni kitambaa kidogo kabisa kinachotosha ni kiasi gani. Jambo la kwanza unalofundishwa hapa Pisa ni kwamba eneo hili haliko kama la shamba. Unaweza kupima upande huu na upande ule, ukajumlisha, na bado eneo la kitu kizima likazidi jumla yako. Kitambaa bora cha kushoto na kitambaa bora cha kulia huenda visipatane pale vinapokutana, na kuvishona nako kunakula kitambaa.

Sote tunalijua hilo. Ndiyo maana haikumjia mtu akilini kwamba Tognetti angeweza kuliruka.

Siku yangu ya kwanza alinipa daftari lake la mkono, akanionyesha ukurasa wa kumi na nne. "Hili limeshathibitishwa. Wewe jenga juu yake." Katikati ya ukurasa aliandika: *ni wazi kwamba mshono hauongezi kitu.* Na kwetu, penye "ni wazi" ya Tognetti, hakuna anayeuliza. Ukiuliza umejitangaza kwamba huoni. Mimi sijawahi kuwa mtu wa kujitangaza. Nikajenga juu yake kurasa mia na ishirini, na zilikuwa zimebaki siku kumi na tisa nikabidhi tasnifu.

Nikashika chaki. Ndani ya kile kipande cha kati, vitambaa viwili vinapokutana, nikauchora mshono kama ukanda, nikapima eneo lake. Nikaufanya ukanda mwembamba, ili eneo lishuke. Halikushuka. Kadiri ukanda ulivyobana, kitambaa kilizidi kusimama wima, na eneo likabaki lile lile. Nikaubana tena. Lile lile.

"Bibi wee, kahawa inaungua!"

Alikuwa Duilio, mwenzangu wa meza ya pili. Aliruka kuzima jiko.

"Duilio, hebu tazama hapa."

"Nitazame nini? Mimi nimekuja kunywa." Lakini akatazama. Akarudi nyuma hatua mbili, akatazama tena. "Sema kweli, Nives. Uliupanda ule mnara ulioinama?"

"Sijaupanda."

"Umeupanda. Mwanafunzi hapatwi na balaa kama hili bila kuupanda mnara kabla hajamaliza." Aliponitazama usoni akaacha mzaha. "Ukurasa wa kumi na nne huu?"

"Ndiyo."

"Basi mwambie leo hii."

"Ijumaa hii wanamuaga anastaafu, Duilio. Wanafunzi aliowafundisha kwa miaka arobaini wanakuja."

"Na wewe unakabidhi lini? Au utaandika na wewe 'ni wazi' halafu ukimbie?"

Profesa aliingia saa nne, kofia mkononi, akasimama mbele ya ubao bila kuvua koti. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya sentensi nzima. Iliyotoka ni hii: "Profesa, kuna kitu kidogo hapa kwenye mshono."

Kitu kidogo! Duilio aliinamia karatasi zake kwa kunionea aibu.

Profesa alisoma polepole, kidole kikifuata mistari. "Tutarekebisha, binti," akasema.

Tukaanza. Alijaribu kusogeza duara tunaloshonea. "Katika maduara elfu, lazima liwepo moja ambapo vitambaa viwili vinakaribia kupatana. Tushone hapo."

"Kila duara linakatwa na mipasuko, Profesa. Na kwenye mpasuko vinaning'inia tofauti."

"Tutarekebisha."

Alijaribu kuanzia katikati kwenda nje. Alijaribu kuongeza nukta ya sita. Mchana Duilio alituletea cecina, chapati ya unga wa dengu, ndani ya mkate, ya moto, mafuta ya zeituni yakipenya karatasi. "Kuleni jamani, hata waliokufa huachiwa kitu cha kula." Profesa alikula amesimama, akichora kwa mkono mwingine.

Saa tisa Duilio alishuka kufundisha. Tukabaki wawili. Mimi niliketi nikimtazama mzee yule akiandika mstari, akiufuta kwa kiganja, akiendelea na mwingine, na kitu kikaanza kunisumbua kuliko kosa lenyewe. Hakuwa anahangaika. Mtu anayetafuta hurudi nyuma, huduwaa, hutukana. Yeye alikwenda kwa mpangilio, njia baada ya njia, na kila njia aliiacha hatua moja kabla haijashindwa, kama mtu anayejua ukuta uko wapi gizani.

Nilitaka kunyamaza, kama nilivyonyamaza miaka yote minne.

"Profesa," nikasema, "njia hii umeshawahi kuijaribu?"

Chaki ilisimama. "Hii? Ndiyo."

"Na ile ya nukta ya sita?"

"Nayo."

"Lini?"

Alijipangusa mikono kwenye koti, polepole, kidole kwa kidole, akavuta kiti akaketi mbele yangu. Karibu magoti yetu yagusane. Sikuwahi kumwona kwa karibu hivyo. Macho yake yalikuwa na maji ya uzee.

"Kabla hujaja hapa," alisema.

"Lakini uliniambia limeshathibitishwa."

"Mtu akiambiwa mbele pana shimo, hatembei. Anasimama pembeni anachungulia. Mimi nimechungulia miaka kumi na moja. Nikaona wewe una kichwa kizuri kuliko changu, nikasema, huyu akitembea bila kujua..."

"Bila kujua nini?"

Aliutazama ubao, kisha akanitazama mimi.

"Sikuwahi kulithibitisha, Nives. Nilikuwa natumaini utalithibitisha wewe."