Mkate Kwenye Msumari

Mume wangu Olloyor hajawahi kunichora. Amechora wafalme, wawindaji, swala na wasichana wenye nyuso za mwezi wanaomimina divai ambayo yeye mwenyewe haigusi, lakini mimi ninayemmiminia chai miaka yote hii, hata ukucha wangu hajauchora. Nikimuuliza hunijibu, "Mama Botir, wewe hukai ukatulia." Haya. Ningekaa nikatulia, nani angempikia?

Nyumba yetu iko Bukhara, kwenye kichochoro kinachotokea nyuma ya soko lenye kuba la wauza kofia. Tuna ua, mforosadi, tanuri la mikate, na chumba cha kazi ambamo mtu haruhusiwi kupiga chafya, maana picha za mume wangu ni ndogo, na brashi yake ina nywele chache tu za shingo ya paka. Paka mwenyewe keshazoea. Akimwona Olloyor ameshika mkasi, hulala chali na kutoa shingo, kama mteja wa kinyozi.

Mwanetu Botir anauza vipuri vya magari. Nampenda mwanangu, lakini akishika brashi utadhani ameshika koleo. Sanaa ilituingilia kwa mlango mwingine. Alipooa, mkewe Zulayho akaja kwetu akafanya yanayompasa bibi harusi: kutuinamia kila asubuhi, kufagia ua kabla ya jua, kuoka mikate. Siku moja baba mkwe wake aliushika mkate wa moto, akaugeuzageuza, asiule. Pale katikati ambapo sisi wengine tunagonga muhuri wa misumari ili mkate usifure, Zulayho alikuwa ameuzungushia majani kwa ncha ya kisu, na hakuna jani lililofanana na lingine.

"Nani kafanya haya?" akauliza.

"Mimi, baba. Kama nimeharibu, nisamehe."

"Umeharibu. Sasa nani ataweza kuula?"

Tangu siku ile akawa mwanafunzi wake. Alimfundisha kusugua karatasi kwa jiwe laini mpaka ing'ae, kisha majani, kisha kuta na mazulia, kisha manyoya ya farasi. Nyuso hakumpa. Kwetu mwanafunzi anaweza kuchora bustani nzima na jumba lake, lakini hafungui macho ya mtu mpaka fundi amkalishe mbele yake, amwinulie mikono na kumsomea fatiha. Kabla ya hapo, uso anaouchora ni wa kuiba. Miaka ikapita, Zulayho akazaa, akanyonyesha, akaendelea na majani, na fatiha haikuja. Nikimgusia mume wangu, ananiambia, "Bado." Mtu akikwambia bado mara nyingi hivyo, ujue anaogopa kitu.

Alichokiogopa tulikijua baadaye. Kwanza tuligundua kwamba mtoto wa jicho amemwingia macho yote mawili, naye anaficha. Nilianza kushuku siku alipoikemea kofia yake ya manyoya ishuke kwenye kiti. Kofia haikushuka. Akaipiga teke la taratibu, kisha akainama akaiomba radhi, akidhani kamuumiza paka. Nilicheka mpaka nikakaa chini, halafu nikalia, nikiwa nimekaa pale pale.

Naye Zulayho alikuwa ameyaona kwenye picha. Aliniita chumbani mzee alipolala baada ya chakula cha mchana, akanionyesha bibi harusi aliyekamilika asubuhi ile. Jicho moja lilikuwa limeteleza kuelekea sikioni.

"Mama, huyu anamtazama bwana harusi au anamtazama nzi?"

"Nzi," nikasema. "Na nzi mwenyewe yuko nyuma yake."

"Picha inachukuliwa kesho."

Hatukusema mengi. Alichukua kisu chembamba, akakwangua yale macho taratibu, akasugua pale kwa jiwe, akayafungua upya. Mimi nilikaa mlangoni na sinia la mchele, nachambua mawe. Ikawa ndiyo kazi yetu: mzee akilala, yeye anarekebisha, mimi nalinda. Sijuti hata kidogo. Jina la mume wangu lilikuwa linazama, na aliyekuwa anajua kuogelea ni mkwe wangu.

Basi siku moja akaja Hikmat, mwenye duka chini ya kuba, ambaye ndiye humuuzia picha zake. Akakalia godoro, akala zabibu kavu zangu bila kukaribishwa mara ya pili.

"Fundi Olloyor," akasema, "umefanya nini? Siku hizi watu wako wana roho! Mteja anasimama mbele ya picha, hataki kuondoka. Uzee umekutia mahaba au vipi?"

"Muulize Mama Botir," mume wangu akajibu, kifua kikimpanda.

"Mimi mahaba hayo sijayaona," nikasema. "Labda yamepita njia ya dukani."

Wakacheka. Zulayho alikuwa anamimina chai, kidogo kidogo kama inavyomiminwa kwa mgeni wa heshima, macho kwenye kikombe. Nilimwonea uchungu. Kusifiwa na usiweze hata kuinua uso ni adhabu, na yeye hakuwa na kosa.

Alipoondoka Hikmat, tulienda kutoa majivu kwenye tanuri. Zulayho akasema, "Mama, nimemtuma Botir akamuulizia daktari wa Tashkent. Wanaondoa mtoto wa jicho siku hiyo hiyo, mtu anarudi nyumbani anaona. Mshawishi baba aende."

"Akiona, ataona kila kitu. Na kazi ya mkono wako ataiona."

"Najua."

"Atakutoa chumbani. Fatiha usahau."

Akaendelea kuchota majivu. "Jana alikuwa anapapasa ukuta akitafuta mlango, mama. Mlango alioutengeneza mwenyewe. Mimi nikae na brashi, yeye apapase ukuta?"

Nikaenda kumsumbua mzee kwa siku kadhaa, na kusumbua ninakujua, mpaka akakubali ili apate usingizi.

Asubuhi ya safari Zulayho alioka mkate. Kwetu mtu akisafiri huuma mkate kidogo kabla ya kuvuka kizingiti, na mkate huo hutundikwa ukutani kumngoja. Ni riziki yake, ndiyo itakayomrudisha. Hakuna mwingine anayeula, hata njaa iwe imeingia nyumbani. Akirudi, yeye ndiye anayeumaliza. Wa Botir alipokwenda jeshini tuliulinda dhidi ya panya kama dhahabu. Basi Olloyor akauma, akalalamika kwamba chumvi imezidi, akaenda kupanda treni na mwanawe. Nami nikautundika mkate kwenye msumari wa chumba cha kazi.

Alirudi na miwani nyeusi na furaha ya mtoto. Alisimama uani akautazama mforosadi jani kwa jani. Akanitazama na mimi.

"Mama Botir, umezeeka!"

"Na wewe pesa za daktari zirudishwe, kama ndicho ulichokiona."

Nikamwambia aje aumalize mkate wake. Akaingia chumbani, na mle, kwenye rafu, zilikuwepo picha tatu ambazo Hikmat hakuwa amezichukua. Akazibeba mpaka dirishani. Nilikuwa mlangoni, na Zulayho nyuma yangu. Alizitazama kwa muda mrefu, akavua miwani, akaivaa tena.

"Watu wangu hawatazamani," akasema. Hakupaza sauti. "Fundi wangu alinifundisha hivyo. Wapenzi kwenye picha, huyu anatazama waridi, yule anatazama ndege. Ndiyo heshima yao. Hawajatazamana tangu nianze kazi hii." Akageuka. "Nani amewafundisha watu wangu kutazamana?"

Zulayho akapita mbele yangu, akainama kama siku ya kwanza alipoingia nyumba ile. "Ni mimi, baba."

Nikanyoosha mkono niuteremshe mkate, mzee akanizuia. "Uache. Aliyeuuma mkate huo alikuwa fundi. Huyu aliyerudi bado simjui."

Mkate ukabaki kwenye msumari. Nakwambia, mimi ni mtu wa maneno, na ukimya ule ulitaka kuniua. Zulayho aliziosha brashi zote, akazipanga mlangoni pa chumba cha kazi, akarudi kwenye tanuri na ufagio. Mikate yake ikawa na muhuri wa misumari tu, kama mikate ya kila mtu. Mzee alishinda amejifungia. Akitoka anakula, anasema asante, anarudi. Botir, maskini, alimletea baba yake taa mpya ya kufanyia kazi, akaambiwa aipeleke dukani kwake akatafutie misumari.

Siku moja nilikuwa napika pilau, na nikiwa nakata karoti uvumilivu ukaniishia. Nikaingia bila kubisha, kisu mkononi.

"Baba Botir, sikiliza. Yule mtoto alijua kwamba ukifunguka macho yeye atafungiwa mlango, na ndiye aliyekutafutia daktari. Si mimi, si mwanao. Angetaka ubaki kipofu, leo ungekuwa unaichania nywele kofia. Kama unamkasirikia kwa kugusa nyuso zako, basi nikasirikie na mimi, maana nilikaa hapo mlangoni nikimlinda, na ningekaa tena!"

Nilitegemea apige kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Yeye akasogeza picha moja kwangu kwa kidole.

"Hilo la kugusa nililisamehe siku ile ile," akasema. "Kinachoniuma ni kwamba wamependeza. Hikmat alizisifu, nami nikavimba kichwa. Nilimwambia yule binti 'bado' miaka yote kwa sababu niliona majani yake, nikajua siku nikimpa nyuso, hakuna atakayeulizia zangu."

Mume wangu ni mtu wa fahari. Katika maisha yetu yote sikuwahi kumsikia akisema neno kama hilo, na nikamwonea huruma kuliko siku ya kofia. Nikaweka kisu chini.

"Sasa?"

"Sasa pilau yako inaungua."

Ilikuwa inaungua kweli. Nikakimbia.

Baada ya chakula hakulala. Alimwita Zulayho, naye akaja akijifuta unga, akasimama kizingitini pasipo kukivuka. Nami nikaja na birika, maana birika ni kibali cha kuingia popote.

Mezani kulikuwa na karatasi mpya. Mti ulioinama juu ya kijito, zulia, maua, na majani mengi, yote ya mkono wa Olloyor. Kazi ya mwanafunzi aliyoiacha tangu ujana wake. Chini ya mti mwanamume na mwanamke wamekaa, nguo zimekamilika, nyuso hazina kitu.

"Majani nimemaliza," akamwambia Zulayho. "Yaangalie. Ukiona kasoro, sema."

Zulayho akayaangalia. Mimi nikaomba kimoyomoyo aseme yote mazuri. Akanyoosha kidole. "Hili hapa, baba. Limekaa vibaya. Jani haligeuki hivyo kama upepo unatoka kule."

Birika nusura linidondoke. Mzee akainama, akatazama kwa macho yake mapya, akatazama tena, kisha akaanza kucheka, mabega yakimtikisika.

"Kweli limekaa vibaya. Haya, kaa hapa. Fungua macho yao."

"Sijapewa fatiha, baba."

"Mama Botir, niteremshie mkate wangu."

Ulikuwa umekauka kama kigae. Aliugonga kwenye ukingo wa meza ukapasuka vipande viwili. Kimoja akakichovya kwenye chai yake. Cha pili, chenye alama ya meno yake, akakichovya vile vile, akampa Zulayho.

Zulayho hakukipokea. "Baba, huu ni wako. Mkate wa msafiri hauliwi na mtu mwingine."

"Ndiyo maana nakupa. Niliuuma kwa niaba yako. Kula."

Akala. Alitafuna huku machozi yakimshuka mpaka kidevuni, na mzee akainua mikono akamwombea mkono mwepesi, jicho lisilochoka na mkate usiokatika, nami nikainua yangu nikaitikia amina kwa sauti hata paka akaamka. Kisha Zulayho akanawa, akachukua brashi, akailainisha ncha kwa midomo.

"Watazamane, baba?"

"Fundi ni wewe," akasema Olloyor. "Mimi ni wa majani." Akageuka kunitafuta, akaninyooshea kidole nikiwa na birika langu. "Mama Botir, kaa pale mlangoni penye mwanga. Fundi anahitaji uso wa mwanamke wa kuuangalia. Na leo, tafadhali, utulie."

Nikakaa. Chai ikapoa, mtu akagonga lango la nje, mkate ukanukia kuungua kwenye tanuri, na sikuinuka.