Vema Sita

Shuka jeupe lilining'inia kwenye kamba katikati ya karakana ya mdogo wangu. Upande wa mbele aliketi yeye, macho kayafumba, pamoja na mkewe, dada yetu mkubwa na majirani watatu waliokuja kutafuta kicheko. Upande wa nyuma nilikuwa mimi peke yangu, na amplifaya mbili, swichi moja, kipande cha karatasi, na kalamu nyekundu niliyozoea kusahihishia.

Nilikuwa mwalimu mkuu kwa miaka ishirini na sita. Wamisionari walionilea walinifunza kwamba ndiyo iwe ndiyo na siyo iwe siyo, nami niliwachapa watoto wa watu kwa uongo mdogo kuliko huu ninaousimulia.

Mdogo wangu alikuwa fundi wa redio, na mtaani walimwita Masikio. Aliletewa redio inayokoroma, akaiinamia kama tabibu, akataja ugonjwa wake kabla hajafungua hata skrubu moja. Sauti ya marehemu mama ilikuwa imebaki katika kanda moja tu, akiongoza wimbo katika kwaya ya wanawake, na kanda hiyo mdogo wangu hakuchoka kuihangaikia. Alibadilisha waya, akabadilisha spika, na mwaka ule akaleta amplifaya mpya, nzito hata watu wawili wakapokezana kuipitisha mlangoni. Akatuita sote tusikilize. Alisema kwamba sasa, kabla ya ubeti wa tatu, mama anasikika akivuta pumzi.

Mimi nilisikia wimbo uleule wa siku zote. Nikamwambia, mbele ya watu, kwamba mpenda chongo huita kengeza. Akajibu kwa upole kwamba chongo ni la jicho, na yeye anazungumzia sikio. Walicheka, nami sikupenda kuchekwa. Ndipo nikatunga mtihani: nitakaa nyuma ya shuka, nitaucheza ubeti ule mara sita, naye kila mara ataje kama ni amplifaya mpya au ya zamani. Akikosa, aiondoe hiyo mpya nyumbani, wala asizungumze tena habari ya pumzi. Alikubali kabla sijamaliza kusema.

"Mpya," alisema mara ya kwanza. Nikatia vema. "Ya zamani." Vema. Nikarudisha kanda, nikaicheza tena bila kugusa swichi, ili kumtega.

"Hujageuza, kaka."

Dada yetu aliangua kicheko. "Leo Mwalimu kakamatwa na mwanafunzi."

Nikatia vema ya tatu. Kila mara nilitega sikio langu nami niisikie pumzi ile, na kila mara nikaambulia wimbo. Mama alikuwa wetu sote wawili. Kwa nini apumue kwake yeye tu?

Vema sita. Nikajitokeza mbele ya shuka, karatasi nimeikunja kiganjani.

"Umekosa," nikasema. "Mara nne kati ya sita."

Hakuna aliyeomba kuiona karatasi. Nani angemsahihisha mwalimu mkuu? Mdogo wangu alifumbua macho, akanitazama kitambo, wala si kwa shaka. Laiti ingekuwa kwa shaka.

"Basi yamenidanganya haya," alisema, akilivuta sikio lake kama la mtoto mtundu. "Wewe huwezi kunidanganya."

Kesho yake aliifunga amplifaya katika boksi lake, akawapa wanakwaya. Kanda alinipa mimi. Majirani wakamtania, wakimwuliza leo amesikia pumzi ya nani, naye akacheka pamoja nao. Lakini niliona jambo ambalo wao hawakuliona. Tangu siku ile, kila alipomaliza kutengeneza redio, alimwita mkewe kutoka ndani aje asikilize. "Eti, imekaa sawa?" Mtu aliyeweza kusikia skrubu iliyolegea sasa alikuwa akiuliza.

Katika lugha yetu kukosa ni kufanya kosa, na kukosa ni kupungukiwa. Kosa nilimtwika yeye. Kupungukiwa kulikuwa kwangu tangu mwanzo.

Karatasi ile nimeihifadhi ndani ya kamusi miaka kumi na tisa. Nimejitetea mengi: kwamba labda alibahatisha, kwamba uzuri wa chombo mara nyingi umo moyoni mwa mwenye chombo. Huenda ni kweli kwa vyombo vingine na watu wengine. Karatasi yangu haisemi hivyo.

Juzi nilikwenda kwake, karatasi mfukoni. Binti yake ndiye fundi sasa. Mkewe alikuwa akifagia vipande vya waya, dada yetu amekuja kuwatazama, na wateja wanangoja kwenye benchi. Yeye mwenyewe alikaa penye mwanga wa dirisha, mikono juu ya magoti. Nikavuta kiti, nikaitandaza karatasi mbele yake, nikainama sikioni mwake.

"Hukukosa," nikanong'ona.

Aliitazama karatasi bila miwani, kisha akanigeuzia sikio la pili, kiganja nyuma yake.

"Sema kwa nguvu, kaka," alisema akitabasamu. "Siku hizi yamekwenda kabisa."

Ufagio ukasimama. Wote wakatugeukia. Nikainuka, nikasimama pale pale nilipowahi kusimama mbele ya shuka, nikavuta pumzi.