Mkono wa Kukamua

Kwich, kwich. Saa kumi na moja alfajiri springi ya chuma cha kuminya ililia jikoni. Verna Tollefson alikuwa amekaa gizani, akiminya na kuachia. Tangu mumewe Arvid azikwe na ng'ombe wauzwe, hakuwa na kazi nyingine saa hiyo. Hakulia. Hata baridi ya sakafu hakuisikia.

Mwanawe Curtis alishasema: presha isiposhuka kufikia mwezi wa tatu, mama anahamia mjini na nyumba inafungwa. Daktari akaongeza dawa, akampa na hicho chuma cha mazoezi ya mkono.

Alhamisi nesi Joelle alikuja, akafagia theluji kwenye ngazi zote bila kuombwa. Akaupasha mkanda wa kipimo viganjani mwake kabla ya kumfunga Verna.

"Mia sitini na mbili. Bado, bibi. Dawa unameza?"

"Nameza."

"Na chuma? Hebu nione."

Kwich, kwich, kwich. Joelle akacheka. "Bibi! Unamkamua nani?"

Verna akautazama mkono wake. Miaka arobaini alikamua kwa mkono, kwa sababu Arvid hakuamini mashine.

"Shika, ushikilie. Theluthi tu ya nguvu zako, dakika mbili, na upumue. Pumzika kidogo, urudie, mpaka mara nne. Siku tatu kwa wiki zinatosha."

"Kushika bila kuachia? Ng'ombe angenipiga teke."

"Ng'ombe hayupo, bibi."

"Najua."

Joelle akauweka mkono wake juu ya mkono wa Verna, wakashikilia pamoja, wakipumua, mpaka dakika mbili zikaisha.

Tangu hapo jikoni kukawa kimya alfajiri. Verna alishikilia. Kila Alhamisi namba ilipungua kidogo, na mwezi wa tatu ikasoma mia thelathini na nane.

"Dawa na chuma vimesaidiana. Curtis nitampigia mwenyewe. Unabaki kwako!"

Verna akaingoja furaha. Haikuja.

Joelle akakunja mkanda. "Basi mimi sina tena sababu ya kuja kila wiki. Ila usiache dawa, wala chuma."

Mkono wa Verna ukamshika Joelle mkono wa koti. Haukuachia.

"Bibi, hiyo si theluthi," Joelle akasema taratibu.

"Njoo tena Alhamisi, mwanangu. Kipimo kiache huko huko."