Timazi ya Papa Éliakim

Waliokuwepo asubuhi ile ya Machi 2001, katika zahanati moja ya Mususa, Butembo: mimi Kasika, mwalimu wa uuguzi, Mama Virginie, muuguzi mkuu, wanafunzi wangu Solange, Nzanzu na Jemima, na Papa Éliakim, mwashi, aliyekubali kulala kitandani ili apimwe. Hakuwepo mkaguzi wa mtihani kutoka Beni, kwa sababu vita vilikuwa vimefunga njia. Haikuwepo pia saa yangu yenye mshale wa sekunde: askari wa kizuizi cha barabarani alikuwa ameipenda na kuichukua alfajiri ile ile.

Mtihani nilikuwa nimeuandaa kwa utaratibu. Jana yake nilimpima Papa Éliakim mwenyewe, nikaandika majibu kwenye karatasi: mapigo sabini na mawili kwa dakika, pumzi kumi na sita, joto 36.7. Mwanafunzi ambaye hesabu yake ingepishana mno na karatasi hiyo angeanguka. Kwa Jemima hilo lilikuwa jaribio la mwisho. Baba yake alikwisha kumtafutia kazi kwa mawakala wa mizigo kule mpakani Kasindi, endapo angeanguka tena.

"Donc tutahesabu dakika na nini?" akauliza Solange.

Jemima alikuwa akiutazama mfuko wa vifaa vya mwashi chini ya kitanda. "Papa, uniazime timazi yako."

Aliipima kamba ya timazi mita moja kamili, akaifunga kwenye dirisha, akaliachia jiwe lililofungwa mwishoni mwake lining'inie na kuyumba. "Kutoka huku mupaka kule ni segonde moja, Mwalimu. Ulitufundisha mwaka wa kwanza."

"Dada, kamba hiyo ni ya kufunga mbuzi," Nzanzu akacheka.

"Basi simama karibu yake, itakufaa. Hesabu mara makumi sita, kwa sauti."

Hata Papa Éliakim alicheka, ingawa kwa shida. Nilijikuta nimesimama kwa vidole vya miguu kuitazama kamba. Nzanzu akahesabu, Jemima akaweka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono. Kisha, bila kuuachia mkono, akahesabu pumzi kwa kutazama kifua, ili mgonjwa asijue na kubadilisha jinsi anavyopumua.

"Mapigo mia moja makumi mbili na ine. Pumzi makumi mbili na munane. Joto 36.4."

Kalamu yangu nyekundu ilikwisha kushuka. "Joto ni sawa. Mapigo umekosea, kamba imekudanganya. Rudia."

Akarudia. Mia moja ishirini na sita.

"Jemima, andika unachopaswa kukipata."

"Mwalimu, vidole yangu hapana kusikia sabini na mbili." Akauachia mkono wa mgonjwa. "Uniruhusu niangalie ngozi."

Alifinya ngozi ya tumbo kati ya vidole viwili, akaiachia. Nilikuwa nimewafundisha kwamba chini ya ngozi ya juu kuna dermi, tabaka lenye maji na nyuzi zinazoirudisha ngozi mahali pake. Mkunjo ule ulibaki umesimama kama kitambaa kilichokunjwa. Tulihesabu mayumbo matatu ya timazi kabla haujalala. Midomo ya mgonjwa ilikuwa mikavu, na vidole vyake baridi: mwili ulikuwa umepungukiwa maji.

"Papa," nikamwuliza, "umeharisha?"

Akageuza uso ukutani. "Tangu jana magaribi. Mara kumi na mbili. Mais mbele ya batoto banamuke, mutu anasema aje?"

"Papa, sisi si batoto banamuke hapa, tuko bauguzi!" Solange akapiga kelele, huku akikimbilia chumvi na sukari. Mama Virginie alikwisha kutafuta mshipa wa dripu. Nzanzu alibaki dirishani akihesabu, bila utani tena.

Saa sita mchana timazi ilitupa mapigo tisini na sita. Papa Éliakim alikojoa, akaomba ndizi, na sisi sote tukapiga makofi kana kwamba ameimba.

Nilichukua ile karatasi ya majibu, nikawaita wote kando ya kitanda.

"Sikilizeni. Karatasi hii inampima mtu wa jana; naifuta. Kuanzia leo, mwanafunzi atapima kwanza, nami nitapima mara moja baada yake, mbele yake. Wenzake watafanya mtihani wao Jumatatu. Jemima amefaulu, na barua ya kumweleza baba yake nitaiandika sasa hivi."