Makofi ya Brooklyn Center

Encarna Luque alikuwa amecheza flamenco, ngoma ya Kihispania ya visigino, gitaa na makofi, Paris, Tokyo na Buenos Aires, na hakuwahi kuvunja onyesho. Jumapili moja ya Januari 1994, mjini Saint Paul, alibaki na mpiga gitaa peke yake. Mwimbaji na wapiga makofi wake walikuwa wamekwama Chicago kwa theluji, na alasiri hiyo wakala wa maonyesho kutoka Madrid angekuwa ukumbini. Encarna alikuwa amepita miaka hamsini. Goti la kulia lilikuwa limevimba. Mawakala wengine hawakupokea simu zake tena. Huyu akimkataa, hakuna jukwaa.

"Bila makofi siwezi," alimwambia Naftali, mwanafunzi Mkenya aliyekuwa dereva wake. "Makofi ndiyo sakafu yangu."

Naftali akaendesha gari mpaka kanisani kwao Brooklyn Center, mji wa jirani, akafika ibada ikiisha, akarudi na Auntie Kemunto na akina mama watatu wa kwaya, vitenge vikichungulia chini ya makoti. Njia nzima Kemunto alikuwa akiuliza kama huyo Mhispania ameokoka. Naftali akamwambia amuulize mwenyewe. Kemunto alipoliona goti la Encarna likifungwa bendeji, hakuuliza.

Mapigo waliyashika upesi, hata mpiga gitaa akacheka kwa furaha.

"Mwambie sisi hii kitu hatukufundishwa," Kemunto alimwambia Naftali. "Tulizaliwa nayo."

Jambo moja Encarna hakuwaeleza, maana kwao hata mtoto hulijua: mwendo ni wa mchezaji. Akikanyaga kwa kishindo, wapiga makofi hutulia wakamngoja.

Alianza polepole, mikono ikipanda kama moshi. Kisha makofi yakaanza kupanda. Kanisani kwa Kemunto, wimbo usiopanda umekufa. Encarna akakanyaga kwa kishindo: ngojeni. Akina mama wakaona mguu ule wakajua mama amefikiwa na Roho, wakazidisha. Akakanyaga tena, kwa nguvu zaidi. Kemunto akapiga kigelegele.

Angeweza kuinua mkono akawazuia. Lakini Encarna Luque hakuomba huruma jukwaani hata alipokuwa binti, na hangeanza leo mbele ya mtu wa Madrid. Akayafuata makofi. Aliyewaongoza watu maisha yake yote sasa alikokotwa, visigino vikigonga kama mvua ya mawe, jasho likiruka, na ukumbi mzima ukasimama. Wakala naye akasimama. Hapo goti likakatika, akaanguka kifudifudi. Watu wakadhani ndio mwisho wa mchezo, wakashangilia.

Chumbani nyuma ya jukwaa, Kemunto, aliyekuwa akitunza wazee hospitalini, alilipapasa goti kisha akaondoa mikono taratibu.

"Niliwaomba mningoje," Encarna alisema.

"Mama, sisi tulidhani unatuita."

Mlango ukabishwa. Wakala alikuwa nje, anaongea kwa sauti ya mtu aliyelewa furaha: anamtaka Madrid, mwezi wa tatu, msimu mzima, aje tu wapeane mkono. Naftali akashika kitasa akamtazama Encarna.

"Usifungue. Mwambie navaa." Akamshika Kemunto mabegani. "Nisimamishe."

Kemunto akamwinua. Mguu ukakunjika chini yake kama kitambaa, wakarudi kitini pamoja.

Mlango ukabishwa tena.

"Nisimamishe," alisema Encarna.