Pua Nzito

Magurudumu yalikata kona, gari ikakataa. Truphena alizungusha usukani mpaka mikono ikapishana, na bado ile Datsun ya milango miwili iliendelea moja kwa moja kama ng'ombe aliyeona maji, ikapanda majani, ikasimama karibu ibusu ukuta wa godauni. Jumamosi mchana Industrial Area haina watu. Walioona ni wawili tu: kaka yake Caleb, mwenye gari, na Muturi, rafiki ya Caleb, ambaye alicheka mpaka akachuchumaa.

"Dada, kona imekushinda," Muturi akasema. "Rudi ukapike."

Si ati hakujua kuendesha. Tangu amalize form four alikuwa hana kazi nyingine ila hiyo gari, na ni yeye alikuwa ameishindia kikombe kwenye mbio za magari huko Embakasi. Lakini hiyo ilikuwa kabla Caleb afunge turbo ya kuongezea injini nguvu. Truphena alimweleza vile alivyosikia mikononi: chuma yote hiyo, na mabomba yake, imekaa mbele, pua imekuwa nzito. Tena nguvu yenyewe inachelewa. Unakanyaga, kimya, unafika katikati ya kona ndiyo inaamka na kukusukuma nje. Caleb hakutaka kusikia. Nguvu haiharibu gari, alisema, inaharibu mwoga. Jumapili ya wiki ijayo, kwenye mbio, Muturi ndiye angeshika usukani. Na Truphena asiguse kitu.

Kesho yake Truphena akampeleka mama yao kanisani. Mama ni mtu wa mwili, na siku hiyo alikuwa amekuja na dada yake, mwenye mwili kumshinda, wakajibana kiti cha nyuma na kofia zao. Kwenye mzunguko, Truphena akajikaza akingoja pua ikatae. Haikukataa. Ilifuata usukani kama mtoto anayeshikwa mkono. Alipowashusha na kurudi nyumbani Ziwani peke yake, mzunguko ule ule, gari ikampeleka nje tena.

Akaegesha, akacheka peke yake: uzito ukikaa nyuma, pua inatii. Halafu akakasirika, kwa sababu tangu jana alikuwa ameanza kuamini maneno ya Muturi.

Hiyo wiki Caleb akiwa kazini reli, Truphena aliomba waya nene kwa fundi wa kuchomelea, akatoa betri mbele, akaifungia kwa sanduku la mbao nyuma, mahali pa miguu ya abiria. Betri si mama na dada yake, alijua. Kwa hivyo akajifunza pia mguu: kukanyaga mapema, kabla kona ifunguke, ndio turbo ikiamka ikute pua imeshageuka.

Jumamosi Caleb alikuta boneti wazi na shimo mahali betri ilikuwa. Aliuliza nani amemruhusu.

"Hakuna," Truphena akasema, akabamiza boneti, akaketi kwenye usukani. "Ingia."

Godauni ile ile, kona ile ile. Alikanyaga mapema hivi kwamba Caleb alishika dashibodi na kuita jina la marehemu babu yao. Turbo ikalia. Pua ikaingia ndani, ikakaa ndani, na ule ukuta ukapita kando ya dirisha bila haraka, mbali.

Walipofika nyumbani Caleb akafungua boneti, akaangalia tena lile shimo. Muturi alikuwa anangoja kwenye geti, helmeti kichwani tayari. Caleb akanyoosha mkono apewe ufunguo. Truphena akautoa kwenye gari, akauangalia, akautia mfukoni mwa sketi.

Mama yao alikuwa ameinama mlangoni mwa gari, anachungulia lile sanduku.

"Na kesho mimi nitaweka miguu wapi?"

"Kesho kanisani utaenda kwa miguu, mama," Truphena akasema. "Mimi niko Embakasi."

Mkono wa Caleb ulibaki hewani kidogo. Halafu akautumia kufunga boneti.