Miguu ya Fundi wa Mapazia

Saa kumi na moja jioni, ghorofa ya tano, fundi wa mapazia alifunika cherehani, akatandika mkeka, akajaribu tena mkao wa kunguru: viganja chini, magoti juu ya mikono, macho mbele. Ulikuwa mwezi wa tatu wa kujaribu, na alikuwa ameangukia pua mara nyingi kuliko alivyopenda kusema.

"Usiruke," mwalimu wa yoga alikuwa amemwambia. "Egemea mbele. Miguu itanyanyuka yenyewe."

Jioni hiyo miguu ikanyanyuka. Pumzi moja tu, na ufa wa ukutani ulioshuka kutoka dirishani kwake hadi ghorofa ya nne, kwa dada yake, ukajifumba. Aliposhusha miguu ukafunguka, ukamwaga mchanga.

Dada mtu akapanda ngazi na kijiko kilichopinda, mtoto mgongoni. "Nilikichomeka kwenye ufa kuupima," alisema. "Umekibana. Hebu rudia."

Akarudia. Kwa subira, kila siku alipata pumzi mbili tatu zaidi. Lakini kila aliposhuka ufa ulipanuka kuliko jana, hadi ukapitisha kijiko, kisha mkono. Siku ya pumzi mia mbili alisikia nguzo zikisaga meno huko chini, na hakuthubutu kushuka.

Wapangaji wakapangiana zamu: wa kumnywesha uji, wa kumfuta jasho viganjani, wa kufukuza nzi. Hakuna aliyehama. Mtu ahame kwa nini, na fundi yupo?

"Shemeji, usicheke," alinong'ona mume wa dada yake. "Ukicheka tumekwisha."

"Basi niondolee huo uso."

Siku ya tisa ya fundi kutoshuka alikuja mwenye nyumba, aliyeandikiwa barua saba kuhusu nguzo. Akapapasa ukuta, akautafuta ufa, asiuone.

"Ni huyu anayeishikilia nyumba," dada mtu alimwonyesha.

Mwenye nyumba alimtazama fundi, akamzunguka kwa adabu asimkanyage. "Basi mwambieni asishuke."

Kesho yake toroli la kwanza la matofali likaanza kusukumwa juu ya dari. Ghorofa ya sita ilianza kujengwa. Fundi aliupokea uzito wake kwenye vifundo vya mikono, gurudumu na vyote. Chini yake mtoto wa dada yake alikuwa anajifunza kutembea. Zilisikika hatua mbili, kisha kishindo kidogo, kisha kimya.

Akangoja hadi aliposikia hatua ya tatu. Akaegemea mbele kidogo, akaanza kuhesabu pumzi upya.